Pilau ya Kuni: Kilo Kumi za Mchele, Mafiga Matatu na Makaa

Pilau ya shughuli haiharibikii kwenye viungo. Inaharibikia nusu saa ya mwisho, pale maji yanapokauka, punje bado ngumu katikati, na chini ya sufuria ndimi za moto zinaruka kana kwamba nyama ndiyo kwanza imebandikwa. Chini panaungua, juu panabaki pabichi, na harufu ya kuungua inapanda hadi punje ya mwisho. Ndiyo maana hapa nitazungumzia moto kuliko binzari. Viungo nitavitaja na vipimo nitatoa, lakini ukiwa na haraka ya kusoma sehemu moja tu, soma ile ya kupalia makaa.

Ninapikia uani Ng'ambo, hapa Tabora mjini. Nilianza kwa kumenya vitunguu saumu pembeni ya mama mkubwa, aliyekuwa akiitwa kila penye harusi, hitima au maulidi. Alikuwa na neno moja asilochoka kulirudia: "Mwanangu, kuni unawasha ili upate makaa. Pilau inaivishwa na makaa." Nilikaa miaka mingi nikidhani ni maneno ya wazee tu. Siku niliyomwelewa nitaisimulia mbele.

Vipimo vyote ni vya kilo 10 za mchele. Kilo moja ya mchele, ikiwa na nyama na kachumbari, inalisha watu saba au wanane, kwa hiyo hesabu watu 70 hadi 80. Ukiwa na watu zaidi, ongeza sufuria ya pili, usiongeze mchele kwenye sufuria moja. Kilo 20 ndani ya sufuria moja ni mzigo ambao hata mwenye mikono ya miaka mingi anaugeuza kwa shida, na wa chini unapondeka kwa uzito wa wa juu.

Mahali pa kuweka moto

Wengi wanapeleka mafiga moja kwa moja chini ya mwembe kwa sababu ya kivuli. Kivuli kiwe cha mpishi, moto ukae nje ya matawi. Simama pale unapotaka kuweka sufuria, tazama juu. Ukiona majani, sogea. Joto linababua mti, na miembe yetu ina majimoto, wale sisimizi wekundu wanaojishonea nyumba kwa majani. Moshi ukiwafikia wanaporomoka, na wanaporomokea ndani ya sufuria. Kuanzia Novemba hadi Januari kuna na maembe yenyewe. Embe likitua kwenye mafuta yanayochemka, aliye karibu anaungua vibaya.

Kiangazi, tangu Juni mpaka Oktoba, upepo wa Tabora unaamka jua likishapanda, na mara nyingi unatoka upande wa mashariki. Mdomo wa jiko, yaani ule upenyo unaoingizia kuni, usiuelekeze huko. Weka figa kubwa kuliko yote upande wa upepo, kisha simamisha bati la kukinga hatua moja nyuma yake. Fagia majani makavu na nyasi hatua tano kuzunguka, na weka ndoo ya maji na debe la mchanga mahali ambapo kila mtu anapaona.

Mafiga yawe mawe magumu ya mlimani yaliyokaa juani. Jiwe la korongoni au la mtoni lina maji ndani, na likipata moto linaweza kupasuka kwa kishindo likarusha vipande. Tofali la saruji nalo linapasuka. La kuchoma linavumilia, lakini kwa sufuria nzito mimi naamini jiwe. Zika theluthi moja ya kila jiwe ardhini, acha juu kimo cha shubiri moja na nusu. Kisha weka sufuria tupu, mimina maji kidogo ndani, utazame yanalalia upande gani. Yakikaa katikati, mafiga yamekaa sawa. Kipimo hiki wengi wanakiona cha kitoto, na ndio hao ambao pilau yao ina ukoko mnene upande mmoja na uji upande wa pili.

Utahitaji moto wa aina hiyo mara mbili: mmoja wa pilau, mwingine wa nyama. Ule wa nyama baadaye utakuwa ghala lako la makaa.

Kuni

Kuni nzuri ni kavu, nene kama mkono, na zikigonganishwa zinalia kwa sauti kali. Zikilia kwa sauti nzito ya kufifia, bado zina maji. Zitakupa moshi na machozi, makaa hazitakupa. Hapa kwetu mtundu na muyombo, miti ya misitu ya miombo, inatoa makaa yanayokaa. Kwa kilo 10 mizigo miwili ya kichwani inatosha ukiwa na adabu nayo. Mkoa huu unachoma miti mingi kwenye mabani ya kukaushia tumbaku, na sote tunaona misitu inavyosogea mbali na mji. Naumia kuona kuni zinawaka chini ya mafiga matupu kwa sababu mchele bado unachambuliwa. Usiwashe moto kabla ya kila kitu kumenywa.

Usipikie mnyaa, hata ukiwa umekauka uani na ni wa bure. Utomvu wake ni sumu na moshi wake unaumiza macho. Usitumie mbao zilizopakwa rangi wala vipande vya nguzo zilizotiwa dawa. Kuwashia, tumia magunzi ya mahindi na vijiti vikavu, si mifuko ya plastiki.

Mchele na viungo

Mchele wa Igunga na Nzega unafika sokoni kwa wingi, na jambo la kumuuliza muuzaji ni lini umevunwa. Mavuno yetu yanaangukia Mei hadi Julai. Mchele mpya una maji ndani yake, unahitaji supu pungufu na unapenda kushikana. Mchele mkuukuu unakunywa zaidi na unaachana vizuri, ndio ninaoutafuta kwa pilau. Usimwamini muuzaji peke yake. Siku moja kabla, pika kikombe kimoja nyumbani kwenye jiko dogo, uone unakunywa kiasi gani. Kikombe hicho kimoja kinaokoa kilo 10.

Mbali na mchele, tafuta nyama ya ng'ombe kilo 6, yenye mifupa kiasi, maana supu ndiyo roho ya pilau. Vitunguu maji kilo 3. Viazi mviringo kilo 4. Vitunguu saumu gramu 400 na tangawizi gramu 300, vyote vitwangwe. Mafuta ya kupikia lita 2. Binzari nyembamba gramu 100, mdalasini gramu 40, pilipili manga gramu 25, iliki gramu 20, karafuu gramu 10. Chumvi robo kilo, usiimalize bila kuonja.

Viungo nunua vizima. Kaanga binzari bila mafuta kwenye kikaango mpaka inukie, kisha uitwange kinuni pamoja na pilipili manga, nusu ya iliki na nusu ya mdalasini. Karafuu, iliki na mdalasini uliobaki viingie vizima. Unga wa pilau wa pakiti unaufungua hujui umekaa dukani tangu lini, na mara nyingi ukiunusa unanusa vumbi. Karafuu usizidishe kwa kupenda harufu. Ikizidi inaleta uchungu, na uchungu huo hauna dawa.

Nyanya siweki. Najua wapo wanaoweka, na sitagombana na mtu jikoni kwake, lakini nyanya inaleta maji na uchachu, na rangi yake ni ya wali mwekundu. Rangi ya pilau inatoka kwenye kitunguu.

Sufuria iwe ya lita 60, nene chini. Kabla haijagusa moto, ipake nje tope la majivu na maji, kuanzia kitako hadi nusu ya ubavu. Masizi yatashika tope badala ya sufuria, na jioni atakayesugua atakushukuru. Andaa mwiko mrefu kama wa ugali wa shughuli, upawa, koleo la makaa, na vitambaa vikavu viwili vya kushikia. Kitambaa kibichi kinapitisha joto mpaka kiganjani. Wapishi wavae kanga au kitenge cha pamba. Mtandio wa nailoni ukigusa cheche unashikana na ngozi.

Saa mbili na nusu asubuhi: nyama

Ikiwa chakula kinatakiwa saa saba mchana, moto wa nyama uwake saa mbili na nusu. Majirani wanapoanza kuingia na mwangaluka zao, yaani salamu za asubuhi za Kinyamwezi, nyama iwe tayari inatokota.

Ikatwe vipande vya ukubwa wa yai, ibandikwe na maji lita 15, chumvi nusu ya kipimo na theluthi moja ya tangawizi. Toa povu. Ng'ombe wetu wa kienyeji anatembea sana, nyama yake ni ngumu na tamu. Ipe saa moja na nusu. Tabora iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na kwa kimo hicho maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Ukitoka Dar es Salaam au Tanga na saa zako za kule, utashangaa nyama inakugomea. Haikugomei, maji ya huku yana joto pungufu kidogo, na kuongeza kuni hakuyafanyi yawe na joto zaidi. Yanazidi kuruka tu, na kukauka.

Nyama ikilainika bila kuachia mfupa, itoe, na supu uipime. Hapa ndipo watu wanabahatisha. Kidole cha kupimia maji kinafaa kwenye sufuria ya nyumbani. Kwenye sufuria pana kama beseni kinadanganya. Pima kwa chombo kilekile ulichopimia mchele. Kilo 10 ni kama sado tatu. Mchele mkuukuu uliolowekwa nusu saa unataka sado nne za supu na maji, yaani lita 16. Mchele mpya, sado tatu na nusu. Supu ikipungua, jazia maji ya moto, na weka pembeni lita mbili nyingine za maji yanayochemka kwa dharura.

Moto wa nyama usiuzime. Ongeza magogo mawili manene, uache yajichomee polepole yawe makaa.

Mchele uwe umeshachambuliwa na kupepetwa usiku, maana changarawe ni aibu mbele ya wageni. Uoshe mara tatu kwa mkono mwepesi, uloweke nusu saa, kisha uuchuje kwenye matenga safi au vyombo vyenye matundu mpaka usidondoke maji. Anza kuuloweka saa tano kasorobo, si mapema zaidi. Mchele uliolala majini saa mbili unakatika ukigeuzwa.

Saa nne na nusu: vitunguu

Moto wa pilau sasa. Mafuta yakipata joto, anza na viazi vilivyokatwa nusu. Vikaange vishike rangi nje, utoe. Kazi ya mafuta hayo ni kuvipa ngozi, visipondeke ndani ya mchele.

Kisha vitunguu, vilivyokatwa vyembamba na kwa unene mmoja. Kilo 3 zitachukua dakika 30 hadi 40, na katika muda huo mpishi haendi popote. Kwanza vinatoa maji, mvuke mwingi, sauti nzito. Maji yakiisha sauti inakuwa kali na mafuta yanaonekana upya. Hapo vinageuka njano, halafu rangi ya dhahabu, halafu rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Kutoka dhahabu kwenda chai ni dakika chache. Kutoka chai kwenda kuungua ni dakika moja.

Sasa sikiliza. Vikifika dhahabu, vuta kuni nje. Usingoje vifike chai, kwa sababu sufuria nene na lita mbili za mafuta vina joto lao wenyewe, na vitunguu vitaendelea kupikika hata moto ukiwa haupo. Mwenye jiko la gesi anazungusha kitufe. Sisi kitufe chetu ni kuvuta kuni, na kuni zinachelewa kutii. Kila uamuzi wa moto wa kuni unaufanya dakika mbili kabla ya wakati wake.

Vikiwa chai, tia saumu na tangawizi. Geuza dakika mbili, vitasimamisha rangi. Tia viungo vizima, kisha vya unga, geuza mpaka macho yahisi binzari. Ingiza nyama, rudisha kuni chini, kaanga dakika 10 nyama ivae rangi. Rudisha viazi. Mimina supu uliyopima.

Onja supu ikichemka. Iwe na chumvi iliyozidi kidogo ile ambayo ungeifurahia kama ungeinywa hivyo, yaani ikukere kidogo ulimini. Mchele hauna chumvi na utainyonya. Chumvi ya kuongeza baadaye haiingii ndani ya punje, inakaa juu yake.

Saa tano na nusu: mchele

Huu ndio wakati pekee unaohitaji moto mkubwa kuliko yote. Chochea mpaka supu iruke, kisha mimina mchele kwa kuuzungusha sufuria nzima, usiuangushe katikati kama kichuguu. Supu itanyamaza. Lazima irudi kuchemka ndani ya dakika saba au nane. Ikichelewa, mchele unalowa badala ya kupikika, na hapo ndipo bokoboko inapozaliwa. Kuni kavu za ziada ziwe mkononi, si kwenye rundo upande wa pili wa ua.

Ikichemka, geuza kutoka chini kuja juu, mwiko ukigusa kitako, taratibu. Mara tatu au nne tu tangu mchele uingie mpaka maji yakauke. Kila mara unapogeuza unavunja punje kadhaa, na zinazovunjika zinatoa uji unaoshikanisha nyingine. Vijana wenye nguvu huwa wanaomba mwiko. Wape kazi ya kuni.

Baada ya dakika 10 hadi 12 supu itashuka usawa wa mchele. Punguza kuni nusu. Endelea kutazama. Povu litapungua, na juu ya mchele vitatokea vitundu vidogo vinavyopumua mvuke, kama mashimo ya kaa ufukweni. Ukiviona, usiongeze hata kijiti. Kuni zote zitoke.

Kupalia

Mwaka wa kwanza nilioachiwa sufuria peke yangu ilikuwa ndoa ya binamu yangu. Vitundu vilipotokea nilionja punje, nikaikuta ngumu. Niliogopa. Nikaacha vijinga viwili vinawaka chini, nikafunika, nikajipa moyo kwamba moto utaumalizia. Ndani ya robo saa harufu ilifika barazani kwa wageni. Theluthi ya sufuria ilikuwa nyeusi, na juu bado punje zilikuwa na kiini. Mama mkubwa hakunifokea. Alifunua, akatazama, akaniambia, "Mwanangu, maji yameisha. Moto wa chini sasa unampikia nani?"

Ndilo jibu lote. Wakati kuna supu, moto unachemsha supu, na supu ndiyo inayopika mchele; chini hapawezi kuungua kwa sababu pana maji. Maji yakishakauka, punje ngumu haihitaji moto, inahitaji mvuke uliofungiwa na muda. Mchele umeshakunywa maji ya kutosha, ila yako nje ya punje zaidi kuliko katikati. Mvuke na utulivu ndivyo vinavyoyapeleka ndani.

Basi fanya hivi. Toa kuni na vijinga vyote, vipeleke kwenye moto wa nyama. Makaa yaliyobaki chini ya sufuria yasukume pembeni, chini ya ukingo, katikati libaki jivu la moto tu, kwa kuwa katikati ya kitako ndipo panapowahi kuungua. Pima kwa kiganja kwenye uwazi kati ya figa na figa, usawa wa kitako: ukiweza kuhesabu hadi tano bila kuondoa mkono, moto ni sawa. Ukiutoa kwenye mbili, punguza makaa.

Mchele ulainishe juu kwa mgongo wa mwiko, usiushindilie. Toboa matundu matano au sita kwa mpini wa mwiko mpaka chini, mvuke upate njia. Funika kwa majani ya mgomba yaliyooshwa na kupitishwa motoni yakalegea, tabaka mbili, yapite ukingo wa sufuria. Mfuniko juu yake. Wapo wanaofunikia mfuko wa nailoni, naomba muache. Mifuko hiyo imepigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, na hata isingepigwa marufuku, plastiki iliyolainika kwa joto haina kazi juu ya chakula cha watu. Mgomba upo kila ua.

Juu ya mfuniko tandaza jivu kidogo, kisha makaa kutoka kwenye moto wa nyama, yaenee hadi ukingoni, mengi kidogo kuliko ya chini. Mfuniko uwe wa chuma au sinia zito, si bati lililopakwa rangi. Upepo ukiwa mkali, kinga makaa ya juu, maana yakipulizwa yanakolea kuliko unavyotaka.

Sasa acha. Dakika 40 bila kufunua. Watakuja mashangazi kuuliza kama imeiva, watakuja watoto, atakuja mwenye shughuli mwenyewe na saa mkononi. Wape maji, wape viti. Kila ukifunua unatoa mvuke ambao sufuria haina maji ya kuutengeneza upya. Tumia muda huo kukata kachumbari: kitunguu kilichooshwa kwa chumvi, nyanya, tango, ndimu, pilipili kando kwa wanaopenda.

Dakika 40 zikitimia, ondoa makaa ya juu kwa koleo na ufagie jivu kabla ya kuinua mfuniko. Nyosha mkono ukiinua, upande wa mbali kwanza, mvuke usikupige usoni. Geuza mara moja, kwa upole, kutoka chini. Onja sehemu tatu: katikati, ukingoni na chini.

Ikikataa

Ikiwa juu pana kiini na chini pameiva, nyunyiza maji ya moto kikombe kimoja au viwili juu tu, rudisha majani, rudisha makaa ya juu, ondoa ya chini kabisa. Robo saa inatosha.

Ikiwa imelowa, usigeuze tena. Ondoa mgomba, funika kwa kitambaa safi cha pamba kikavu chini ya mfuniko, kinyonye mvuke, na uache makaa ya juu peke yake.

Ukisikia harufu ya kuungua, usiguse mwiko. Shusha sufuria mara hiyohiyo, hamishia ya juu kwenye sufuria nyingine kwa sinia au upawa bila kukwangua, na malizia kuipalia huko. Ukikwangua hata kidogo, umekwisha. Iliyoungua haigeuzwi, haitiwi maji, haitiwi ndimu.

Kupakua na kuzima

Pilau ipakuliwe ya moto. Ikibidi kungoja, ibaki kwenye sufuria imefunikwa, chini pakiwa na jivu la moto, iendelee kuunguza ulimi. Ya kuogopwa ni ile iliyohamishiwa kwenye beseni ikakaa vuguvugu mchana kutwa. Mchele una bakteria aitwaye Bacillus cereus, mbegu zake hazifi kwa kupikwa, na katika uvuguvugu zinaamka na kutengeneza sumu ambayo kupasha moto tena hakuiondoi. Pilau isikae vuguvugu zaidi ya saa mbili. Inayobaki itandazwe kwenye masinia ipoe haraka, iingie kwenye friji, au igawiwe majirani mapema wakaile ingali moto.

Ukoko mwembamba, wa rangi ya asali, ni wa wapishi. Ubandue kwa upawa ungali moto, uuweke kwenye sahani, mle kabla ya kunawa masizi. Mweusi mwageni.

Makaa yaliyobaki yatoshe chai ya waliopika. Baada ya hapo yamwagie maji hadi yasitoe mvuke, uyageuze, uyamwagie tena, hasa kiangazi, majani yakiwa makavu. Lakini mafiga usiyamwagie. Jiwe la moto likipata maji baridi linapasuka, na mafiga mazuri hayapatikani kila siku. Yaache yapoe yenyewe mpaka jioni, kisha yasogeze chini ya mwembe, mahali pakavu.